Muulize Nesi: Saa nane ya mama na nane ya daktari

Barua za mwezi huu karibu zote ni za safari. Kuna wanaokwenda Umra, kuna watoto wanaoondoka kwenda kusoma, kuna wanaokwenda Maskati kuwaona jamaa zao. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenikaa rohoni.

*Bi Nesi, assalaam alaykum na shikamoo. Mwaka jana nilimpeleka mama Umra. Ana miaka 66, ana sukari na presha, lakini alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya nne tuko Makka akalalamika uchovu, tukampeleka zahanati iliyo karibu na pale tulipofikia. Wakampima sukari, ikatoka 205. Nilipiga kelele, kwa sababu nyumbani hajawahi kupita 12. Wakampa dawa mpya, tukalipa riyali 350 taslimu. Siku mbili baadaye hali ikazidi: moyo unamsumbua, hali chakula, miguu haina nguvu. Tukarudi palepale. Shemeji yangu, mume wa dada, anayefanya kazi Jidda, ndiye aliyetutafsiria. Wakambandika waya kifuani, wakamlaza usiku kucha wanamwangalia moyo. Asubuhi wakasema moyo mzima, wakamtundikia chupa ya maji, tukaondoka. Tulipofika Pemba ndipo mama akaniambia kuwa siku zote zile alikuwa akiharisha, ila aliona haya kulitamka mbele ya mkwe wake. Sasa anataka kwenda tena na mimi naogopa. Kosa lilikuwa wapi?*
*Msomaji wako, Wete*

Waalaykumu salaam mwanangu, marahaba. Wasomaji wengine wajue kwamba kabla ya kukaa kuandika nilimpigia simu binti huyu, nikamwomba anipigie picha kila dawa mama aliyokwenda nayo na kila dawa aliyorudi nayo. Picha mbili zilinitosha. Moja ni ya kibahasha cha nailoni, kama vile tunavyopewa kila siku, ndani mna vidonge vyeupe vya mviringo na juu pameandikwa kwa kalamu ya buluu "1×2". Basi. Hakuna jina la dawa wala miligramu. Ya pili ni ya boksi la Glucophage 850, na ubavuni mfamasia wa Makka ameandika kwa wino mweusi "8 – 8".

Tuanze na ile 205. Mashine zetu za huku hupima sukari kwa milimoli kwa lita. Saudia, India na Marekani huandika kwa miligramu kwa desilita. Sukari ni ileile, kilichobadilika ni kipimo, kama kanga ileile kupimwa huku kwa yadi na kule kwa mita. Ukitaka kuirudisha hesabu ya kwao iwe ya kwetu, igawe kwa 18. 205 ukiigawa kwa 18 unapata 11.4. Mama yako alikuwa na sukari yake ileile ya Wete, na kwenye simu umenambia nusu saa kabla ya kupimwa alikula tende. Sisemi kuwa 11 ni nzuri. Si nzuri, na mkiwa nyumbani mpelekeni kliniki ya sukari ashughulikiwe kwa utulivu. Lakini haikuwa khabari mpya. Wewe ulimwapia daktari kwamba mama hajawahi kufika huko, naye akakuamini, akaona ana mgonjwa ambaye sukari imempanda ghafla.

Akauliza, kama daktari yeyote angeuliza: anatumia dawa gani? Mkatoa kile kibahasha. Hebu jiweke pahala pake. Vidonge vyeupe vya mviringo duniani ni vingi mno. Viko vya sukari, vya presha, vya maumivu, vya mzio. Akaandika dawa anayoijua. Nami nilipopiga simu duka la dawa mlilonunua hapo Wete, nikaambiwa vile vyeupe ni metfomini ya miligramu 500. Na Glucophage ni nini? Ni metfomini hiyohiyo, hilo ni jina la kiwanda tu. Kwa hiyo mama aliyekuwa akimeza miligramu 1,000 kwa siku, kuanzia jioni ile akawa anameza 2,700, kwa sababu za Makka alizianza na za nyumbani hakuziacha. Wala simlaumu. Hakuna aliyemwambia aziache, maana hakuna aliyejua kama ni kitu kimoja. Metfomini ni dawa nzuri, nimewapa wagonjwa wengi, lakini ikizidi ghafla hulivuruga tumbo. Moyo huchafuka, chakula hakipiti, mtu huharisha. Ndiyo maana hapa huwa tunamwanzisha mtu kwa kidogo, tunapandisha polepole, na tunamsisitiza ale kwanza.

Sasa ile "8 – 8". Mfamasia alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kwa Kiarabu na kwa Kizungu saa huhesabiwa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri, kwa hiyo saa mbili yetu ya asubuhi wao huiita nane. Mama akaona nane, akasoma saa nane. Nilipokuuliza alikuwa akizinywa wakati gani ulinijibu bila kusita: saa nane mchana na saa nane usiku, "kwa sababu ndivyo walivyoandika, na mama huamka kwa tahajudi, haimpi uzito." Basi bibi wa miaka 66 anaamka saa nane ya usiku, tumbo tupu, anameza kidonge ambacho sharti lake kubwa ni kuliwa na chakula, kisha anasimama kuswali. Asubuhi yake moyo usimchafuke kwa nini?

Na hapo ndipo pananiuma zaidi, kwenye neno moyo. Mama alisema, kwa maneno uliyoninukulia, "moyo wanichafuka, wanikaba hapa kwenye chembe." Sisi sote tunamwelewa. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu, na chembe cha moyo ni pale juu ya tumbo, chini ya kidari. Lakini shemeji yako akasema kwa Kiarabu kwamba moyo unamuuma. Wakafanya lililo wajibu wao.

Hilo silisemi kwa kumcheka kijana wa watu. Nimefanya unesi hapa Pemba miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikisimama baina ya mgonjwa na daktari wa Kichina. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964, zamu kwa zamu, na wengi wetu tumeshonwa au kuzalishwa na mikono yao. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili na kumfikishia daktari kwa Kiingereza changu cha skuli. Siku moja alikuja mzee mvuvi wa Makoongwe, kashika paji la uso, anasema "kichwa chanigonga." Mimi nikafasiri kwamba kagongwa kichwani. Daktari akavaa glavu, akamwinamisha, akaanza kumpapasa nywele kutafuta jeraha, na yule mzee kwa heshima yake akanyamaza akidhani ndiyo tiba. Presha yake ilipopimwa ilikuwa 210 kwa 120. Tulipoteza robo saa nzima kwa neno moja, na neno lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sikufasiri tena maumivu kabla ya kumwambia mgonjwa: weka kidole palepale panapouma, nionyeshe.

Nawe mfundishe mama hivyohivyo. Kidole hakihitaji mkalimani. Aweke kidole, kisha aseme limeanza lini, linakuja na kuondoka au limekaa tu, na linazidi akila, akitembea au akilala. Na aseme jambo kama lilivyo: nataka kutapika, naharisha mara tano, kichwa kinauma. Moyo, roho, maungo na mwili kuvuta tuyaweke kwa ajili ya mazungumzo yetu.

Lakini nakuomba usijutie zile waya za kifuani. Mwanamke wa umri ule mwenye sukari, maradhi ya moyo wenyewe huweza kumjia kwa kichefuchefu na kubanwa chembe, bila ya maumivu ya kifua hata kidogo. Hata mimi ningempima. Linalonisikitisha ni lile la kuharisha kufichwa. Angesema anaharisha na anatumia metfomini, wangeliona jambo zima mapema, wangempa maji mapema, na wangempima figo, kwa sababu dawa ile na mwili uliokauka maji, figo zikiwa dhaifu, si jambo la kuchezea. Lakini ni mama gani wa Kipemba atasimama mbele ya mkwe wake aseme naendesha tumbo? Kumweka mkwe pale ilikuwa ni kumfunga mdomo. Safari hii wewe ndiye uingie naye ndani, na akihitajika mkalimani mwombeni mwanamke. Ikiwa hapana ila mwanamume, basi afadhali asiyehusiana naye kuliko mkwe. Mtu baki hatoonana naye tena.

Sasa kazi yako kabla ya safari. Nenda duka la dawa na vile vibahasha vyake vyote, uwaambie unataka boksi au ile karatasi ya bati iliyobaki na jina. Chukua karatasi moja, si kitabu, uandike kwa Kiingereza, na kama una mtu wa Kiarabu muandike na upande wa pili. Jina kama lilivyo kwenye pasi. Mwaka wa kuzaliwa. Maradhi aliyonayo. Kila dawa kwa jina lake la asili, ukinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye boksi, na miligramu zake. Jina la kiwanda ukitaka weka pembeni. Wakati wa kumeza usiandike saa kabisa. Andika baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha usiku, na uchore jua na mwezi, maana hayo hata mama mwenyewe atayasoma. Dawa iliyowahi kumdhuru iandike kwa herufi kubwa. Nyumba nyingi hapa zina mtu aliyebabuka ngozi kwa dawa ya salfa na hakuna popote palipoandikwa. Mwisho andika sukari yake ya kawaida kwa vipimo vyote viwili, mfano 9 ya kwetu, 162 ya kwao. Ikunje, itie kwenye nailoni, ikae ndani ya kile kipochi anachovaa shingoni pamoja na pasi. Nakala moja uwe nayo wewe, na nyingine ipige picha kwenye simu.

Ukipewa dawa mpya usiondoke dirishani bila kuuliza maswali mawili: jina lake la asili ni lipi, na je, inachukua nafasi ya zile za nyumbani au inaongezwa juu yake? Hilo la pili lingetosha kumnusuru mama.

Na zile riyali 350, mwanangu. Viza ya Umra ya Saudia huja na bima ya matibabu ndani yake, inalipiwa pamoja na ada ya viza. Ni kwa ajili ya dharura kama zile. Mwambie wakala wenu akupe karatasi ya bima na namba ya kupiga, na ulizeni kwanza kama zahanati inaipokea kabla hamjatoa pesa. Ikiwa ni lazima mtoe, chukueni risiti yenye muhuri. Kuanzia Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hulazimika kulipia bima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima, ili wakiugua hapa watibiwe. Sisi tunaotoka tunafunga halua na vipopoo, bima tunaiona kama kodi. Gari ya wagonjwa ya Hilali Nyekundu kule Saudia ni namba 997. Iandike nyuma ya ile karatasi.

Kwa wale wenye mama wanaochoma insulini, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi: ichukuliwe mkononi ndani ya ndege, isitiwe kwenye mizigo ya chini, kwa sababu ikiganda kwa baridi haifai tena hata ikiyeyuka. Chupa inayotumika isipate joto la kupita nyuzi 30. Mkifikia pahala pasipo friji, kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa kikizungushwa kwenye kopo huipoza kama mtungi unavyopoza maji.

Nendeni, na mama aende kwa raha yake. Hakukosa lolote.

*Bi Nesi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Micheweni, nimepata nafasi ya kusoma Uturuki, naondoka baada ya wiki tatu. Mwenzangu aliyeko huko ananambia nikiumwa nisiseme nimetoka Afrika, watanitenga au wataniona mchafu. Nifanyeje nikipata homa?*
*Mwanafunzi, Micheweni*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Mwenzako anakutakia mema lakini shauri lake linaweza kukuua. Ukipata homa miezi mitatu ya mwanzo, sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe hii: nimetoka Zanzibar, nimefika tarehe fulani, nataka kupimwa malaria. Kwa Kituruki malaria wanaiita sıtma. Jifunze neno hilo kabla ya kujifunza neno la mkate.

Nakwambia kwa nini. Hapa kwetu malaria imeshuka sana, kwa miaka mingi sasa wanaokutwa nayo hawafiki mtu mmoja kwa mia. Umri wako labda hukuwahi kuugua. Mimi nimeona wodi ya watoto imejaa vitanda vya wawili wawili, na nimeona vitanda vilevile vikibaki vitupu, na namshukuru Mungu. Lakini haijaisha. Akipatikana mgonjwa mmoja leo, afisa wa wilaya humfuata mpaka nyumbani kupima waliobaki, na hilo hufanywa kwa sababu bado ipo. Pia mwili ambao haukuzoea malaria huumia nayo zaidi, si kama wazee wetu walioumwa kila masika. Mbu akikuuma wiki ya mwisho, ugonjwa unaweza kuanza siku ya saba au ya kumi, mara nyingi ndani ya mwezi, lakini hata miezi mitatu yatokea. Wakati huo wewe uko darasani umevaa koti, na daktari kijana aliyekuwa hajaona malaria tangu atoke chuoni anaona mtu ana homa, kichwa na viungo, msimu wa baridi. Atasema mafua, atakupa parasetamoli, atakwambia ukalale. Malaria ya aina yetu ikiachiwa inaweza kupanda kichwani kwa siku mbili tatu.

Na kipimo kikitoka hakuna kitu na homa bado inapanda, rudi kesho yake upimwe tena, na kesho kutwa tena. Tone moja la damu likikosa vijidudu si hoja ya mwisho. Ikiwa huwezi kusimama piga 112. Kwa wiki hizi tatu zilizobaki lala ndani ya chandarua, hata kama nyumba nzima wameacha.

Anayekuona mchafu kwa sababu ya ulikotoka, hilo ni lake. Wewe semea damu yako.

*Nesi, nina maumivu ya mgongo ya muda mrefu, natumia tramadoli niliyoandikiwa. Mwanangu ananiita Dubai mwezi mzima. Nichukue za mwezi? Na mke wangu anataka kuwapelekea kungumanga.*
*Mzee wa Chake Chake*

Shikamoo baba. Usizichukue kabla ya kupata ruhusa. Tramadoli na dawa zenye kodeini kule Imarati ni dawa zinazodhibitiwa kwa sheria, na mtu huombewa kibali kwa serikali ya huko kabla ya kusafiri, kwa cheti cha daktari chenye jina lake, jina la dawa na kiasi. Mwanao aliyeko huko ndiye afuatilie. Wakati huohuo rudi kwa daktari wako, umuulize kama kuna dawa nyingine ya kukupitisha mwezi. Lakini usiiache tramadoli ghafla kama umeitumia kwa muda mrefu, mwili hutaabika, hupunguzwa kidogo kidogo. Usimbebee mtu mwingine dawa kwenye begi lako, hata awe nani na hata kama ni kidonge kimoja cha kikohozi. Na kungumanga ibaki. Saudia wanaikataza isiingie, na nchi za jirani yake pia si pahala pa kujaribu. Mpelekeeni karafuu na mdalasini, hivyo watavifurahia.

*Bi Nesi, mie ni mja mzito, miezi mitano na nusu. Mume wangu yuko Maskati, nakwenda kumuona na kurudi kabla ya kujifungua. Je, nikihitaji kliniki kule naweza kukataa daktari mwanamume bila ya kuonekana sina adabu?*
*Wa Fuoni, Unguja*

Unaweza, mwanangu, na hakuna atakayekushangaa. Maskati kuomba daktari mwanamke kwa mambo ya uzazi ni jambo la kila siku. Liseme mapema, pale pa kuandikishwa, kabla hujaitwa ndani, kwa sababu ukilisema ukiwa tayari kitandani unawatia wote kwenye tabu. Na usistaajabu nesi au mwandikishaji akikujibu kwa Kiswahili. Wako wengi kule waliozaliwa Unguja, Pemba na bara, na watoto wao. Ukimpata mmoja wa hao, mshike.

Ila kuna mambo matatu ambayo hutochagua daktari: damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto kuacha kucheza. Hapo anayekuja wa kwanza ndiye wako, mwanamume au mwanamke, na dini yetu imeiweka wazi dharura. Mume wako awe na namba 9999 kwenye simu yake, ndiyo ya dharura kule.

Hesabu tarehe zako kwa wiki, si kwa miezi. Mashirika mengi ya ndege kuanzia wiki ya 28 hutaka barua ya daktari inayosema uko salama kusafiri, na baada ya wiki ya 36 hawakuchukui kabisa. Wewe ukikaa Maskati wiki sita, barua utaihitaji kwa ajili ya kurudi, ijapokuwa kwenda hukuulizwa. Ndani ya ndege simama utembee kila baada ya muda, unywe maji.

Chukua kadi yako ya kliniki, ile yenyewe. Uliniuliza mwisho wa barua kama unakili kwenye karatasi safi kwa kuwa hiyo imechakaa na imemwagikiwa chai. Hasha. Daktari wa kule anataka kuona mikono ya manesi tofauti, kalamu tofauti, uzito wako umepanda vipi, presha mwezi kwa mwezi, na kundi la damu lilivyoandikwa na maabara. Kama kundi lako lina alama ya kutoa, lipigie mstari wa wino mwekundu. Halafu itie kadi kwenye nailoni, chai na yote.